Uzi: Kambi ya mafungo nje ya gridi kwa mikono ya kujitolea. Anza na mtu atakayebaki

Mleta uzi

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wasio wa imani hii nao karibuni, maana zege haliulizi dini.

Maswali haya huwa nayajibu faraghani, mtu mmoja mmoja. Nimeona heri niyaweke hapa wote tuyajadili. Kazi yangu ni usimamizi wa ujenzi, na kwa miaka kadhaa nimesaidia makanisa na vikundi vya vijana kujenga vituo vya mafungo mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika wala bomba la maji halipiti. Mchoro ninaoonyeshwa huwa karibu ni uleule: kanisa katikati, mabweni mawili, kisima cha ubatizo, msalaba mkubwa mlimani. Baada ya mchoro huja swali: "Tununue paneli ngapi za sola?" Na mimi huuliza langu: nani atakuwa pale Jumanne asubuhi, wageni wakishaondoka?

Hapo watu huduwaa kidogo. Lakini ndilo swali lenyewe. Kambi iliyo nje ya gridi haina shirika la umeme la kulipigia simu. Ina mtu mmoja, pengine na mwenzi wake, mwenye bisibisi, spana na rundo la funguo. Kila vali, kila betri na kila choo mtakachojenga kwa shangwe ndani ya wiki mbili, yeye atakaa nacho miaka kumi. Kwa hiyo kipimo changu cha kila uamuzi ni hiki: je, mtunzaji anaweza kukifungua, kuona kilichoharibika, na kukitengeneza bila kumsubiri mtu? Kama hawezi, basi pawe na njia ya pili ya kuishi hadi fundi afike.

Ardhi nitaipitia haraka kwa sababu jibu lake ni fupi. Hati iwe kwa jina la taasisi iliyosajiliwa, yenye wadhamini. Isiwe kwa jina la mchungaji, wala la mzee aliyetoa shamba, wala la mfadhili. Msichimbe hata shimo moja kabla hilo halijakamilika, hata kama wote mnapendana.

Mpangilio wangu wa kazi: njia inayopitika mvua ikinyesha, maji, vyoo, stoo ya kufungwa, jiko, nyumba ya mtunzaji, bweni la kwanza. Kanisa mwisho. Najua hapo mtanirukia.

Kijana wa Kwaya

Naam, nakurukia mkuu. Kanisa mwisho? Watu wanachangia kanisa. Sijawahi kuona mtu anasimama kwenye ibada ya harambee akasema "mimi na familia yangu tunatoa choo." Ukiweka kanisa mwisho, moto wa watu unazimika.

Mtumishi wa Pembeni

Mimi pia napingana na mleta uzi, kwa sababu nyingine. Ukumbi mkubwa ukitangulia, wanaojitolea wanalala humo, saruji inakaa humo, mvua ikija kazi inaendelea humo. Ibada za kundi la kwanza nazo zinafanyika humo. Paa moja kubwa linakuvunia maji pia. Choo kimoja na ukumbi mmoja, halafu mengine yafuate.

Mleta uzi

Mtumishi, hoja yako naikubali. Ukumbi wa kazi nyingi, usio na madhabahu ya kudumu wala madirisha ya vioo, wenye sakafu ya zege na paa pana, unaweza kupanda juu ya orodha. Ninachokataa ni jengo la ibada linalokula fedha zote halafu watu mia wanatafuta kichaka cha kujisitiri.

Kijana wa Kwaya, Kumbukumbu la Torati 23 inaagiza kambi ya Israeli iwe na mahali pa haja nje ya kambi, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia na kufukia. Kwa hiyo choo kina andiko lake. Mpe mweka hazina wako mstari huo wakati wa harambee.

Msomaji wa Historia

Kuhusu ibada kabla ya jengo, kuna mfano wa kweli kule Taizé, Ufaransa. Ndugu Roger alifika kijiji hicho mwaka 1940, na jumuiya ikaishi miaka mingi kwa majengo madogo. Kanisa kubwa, la Upatanisho, lilizinduliwa 1962, na waliolijenga ni vijana wa Kijerumani waliojitolea kama ishara ya upatanisho baada ya vita. Haikupita hata miaka kumi, vijana waliokuja kusali hawakuenea tena. Pasaka ya 1971 ukuta wa mbele ulibomolewa ili mahema yaunganishwe na jengo. Yaani hata waliojenga kwa zege waliishia kurudi kwenye turubai.

Mwingine ni Iona, kisiwa cha Scotland. Mwaka 1938 mchungaji George MacLeod aliwakusanya mafundi waliokosa ajira pamoja na watu waliokuwa wakisomea uchungaji, wakaanza kujenga upya makao ya watawa pembeni ya abasia ya kale. Kazi hiyo ilikamilika 1965. Hebu waonyesheni hesabu hiyo wanaosema "tutamaliza likizo hii."

Mleta uzi

Ahsante sana ndugu. Iona inagusa jambo nitakalorudia nikifika kwenye watu: mafundi walichanganywa na wasio mafundi. Hawakuachiwa wanafunzi wa theolojia peke yao na kenchi za paa.

Sasa maji. Anzeni na vichwa, halafu lita. Viwango vya Sphere, vinavyotumika kwenye kambi za dharura, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Mafungo si dharura, watu wataoga. Kama bafu ni za ndoo na vyoo havivuti maji, mimi hupanga lita 35. Watu 60 kwa siku nne wanakupa lita 8,400. Hayo ndiyo maji yanayopaswa kuwa yamekwisha kusimama tangini siku wageni wanashuka garini. Msipange kwamba yatavutwa huku watu wakioga.

Paa ni shamba la maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 25 ni lita 3,000 kwa hesabu ya karatasi, na ukipunguza zinazorukia nje na kuvuja kwenye mifereji, shika 2,400. Mvua ya kwanza baada ya ukame inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo wekeni kifaa cha kumwaga maji ya mwanzo. Kwa paa hilo, milimita ya kwanza pekee ni lita 120, yaani pipa zima la pembeni lenye koki ya kulitolea. Bomba jembamba lililofungwa mwisho halitoshi, ingawa ndilo linalopendwa kwa sababu ni rahisi.

Tangi likae kwenye mteremko juu ya majengo. Kila mita 10 za kimo hukupa karibu bar 1 ya msukumo, bure, usiku na mchana, bila pampu wala swichi. Mnara wa tangi uachieni mahali tambarare kabisa. Lita 5,000 ni tani tano, tena juu, tena zikitikiswa na upepo. Mnara wa namna hiyo uchorwe na mhandisi na uchomelewe na fundi anayelipwa. Vijana wa kujitolea wabebe kokoto za msingi wake, basi.

Kutibu maji: chujeni kwanza. Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope. Baada ya dakika 30 za kukaa na klorini, kipimo cha mabaki kinapaswa kuonyesha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Vipimo vya rangi vya kuangalia hilo ni vidogo, na mtunzaji hujifunza kuvitumia kwa muda mfupi tu.

Fundi Bomba

Hapo kwenye mtunzaji naomba nikazie. Mabomba yote yawe ya vipimo viwili tu: kimoja njia kuu, kingine matawi. Nimeona kambi ina vipimo vitano kwa sababu kila kikundi cha wafadhili kilileta chake. Kikipasuka kimoja, mtunzaji hana kiungo cha kufanana. Kila tawi liwe na vali yake ya kufungia, na vali iwe ndani ya kisanduku kinachoonekana, isizikwe. Halafu mchoro wa mabomba upakwe rangi ukutani stoo. Karatasi hupotea.

Na koki za bafuni ziwe za kujifunga zenyewe. Mtoto mmoja akiacha koki wazi usiku, asubuhi mnaimba mkiwa na kiu.

Dada wa Afya ya Jamii

Naomba nami niseme kuhusu vyoo, maana naona wanaume mnakimbilia sola.

Sphere inasema tundu moja kwa watu 20, na kwa vyoo vya umma inapendekeza matundu matatu ya wanawake kwa moja la wanaume. Watu hupuuza hilo, kisha wanashangaa kwa nini kipindi cha saa nne asubuhi kinaanza na viti nusu vitupu. Wekeni ndoo yenye mfuniko kwenye kila tundu la wanawake, ndoano ya kutundikia nguo, komeo la ndani, na taa njiani. Bila taa, wasichana hawatakunywa maji jioni ili wasiamke usiku. Wataugua na hawatawaambia sababu.

Shimo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na kitako chake mita moja na nusu juu ya kina cha maji ya ardhini wakati wa masika. Chimbeni shimo la majaribio kwanza. Kama maji yako karibu, achaneni na shimo, jengeni choo kikavu kilichoinuliwa, kinachotenganisha mkojo na kinyesi.

Choo cha shimo chenye bomba la hewa kimeandikwa sana tangu kilipobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970 na Peter Morgan na wenzake, lakini bado watu wanakijenga nusunusu. Siri yake iko mahali pawili. Ndani pawe giza kiasi, na juu ya bomba pawe na wavu. Nzi aliyeko shimoni hufuata mwanga, anapanda bombani, anakwama kwenye wavu. Ukifungua dirisha kubwa "ili pawe na mwanga", nzi anatoka kupitia tundu na kuja jikoni. Bomba lipite paa kwa nusu mita ili upepo uvute harufu.

Choo kikavu nacho kinataka majivu au maranda kila baada ya matumizi, na vyumba viwili vya chini: kimoja kinatumika, kingine kimefungwa kikikauka. Mahali pa joto, acheni chumba kimefungwa mwaka mzima na zaidi kabla ya kugusa. Mahali pa baridi, karibu miaka miwili. Je, mtunzaji wenu yuko tayari kwa kazi hiyo? Muulizeni kabla ya kuchora.

Mleta uzi

Dada, umesema yote. Nitaongeza moja la jikoni: maji ya kuoshea vyombo yana mafuta. Yakienda moja kwa moja kwenye shimo la kunyonya, udongo unaziba haraka. Wekeni kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya shimo, chenye mfuniko unaonyanyuliwa na mtu mmoja.

Fundi Sola

Mkuu mleta uzi, paneli ngapi? Tusiogope swali. Chukueni mfano wa watu 60.

Taa 24 za wati 7 kwa saa 5: wati-saa 840. Spika na amplifaya wati 150 kwa saa 4: 600. Simu 60, kila moja karibu wati-saa 15: 900. Friji ndogo bora ya dawa na vyakula: 700. Pampu ya wati 400 kwa saa 2: 800. Jumla 3,840 kwa siku.

Mahali penye saa nne na nusu za jua kamili, ukitoa asilimia 30 kwa joto, vumbi, waya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika kwenye soketi), kila wati ya paneli inakupa wati-saa 3.15. Gawanyeni: wati 1,219. Paneli tatu za wati 400 na kidogo. Watu hutarajia paa zima.

Betri ndiyo mtego. Msihesabu siku nzima, hesabuni usiku. Pampu ifanye kazi mchana, simu zichajiwe mchana mezani kwa mtu mmoja, na usiku ubaki na taa, nusu ya spika, nusu ya friji: karibu 1,490. Kwa usiku mbili mfululizo zenye mawingu ni kama 3,000. Betri ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu unaifupishia maisha, kwa hiyo nunua ya wati-saa 6,000. Lithiamu ya chuma na fosfeti inakubali asilimia 80, kwa hiyo 3,750 inatosha. Sehemu za baridi kali muangalie: lithiamu hiyo haichajiwi chini ya nyuzi sifuri.

Mfumo wa volti 48 ni bora kuliko 12. Wati 1,200 kwenye volti 12 ni ampea 100, kwenye 48 ni ampea 25. Joto linalopotea kwenye waya uleule linapungua mara 16. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Betri za asidi hutoa haidrojeni zikichajiwa, kwa hiyo chumba chake kiwe na matundu ya hewa juu na chini, na kisiwe stoo ya mafuta ya taa, kama nilivyowahi kukuta.

Kijana wa Kwaya

Kuchaji simu mezani kwa mtu mmoja? Vijana wataandamana.

Fundi Sola

Waandamane, ni mafungo. Lakini adui wako si simu, ni birika la umeme. Wati 2,000. Na kuna mtu atakuja na pasi, hata umtumie matangazo mara ngapi. Kila bweni lipewe kikata umeme kidogo chake, ili pasi ikichomekwa bweni hilo pekee lizime na ukumbi uendelee.

Mleta uzi

Na hapa nirudi kwa mtunzaji wetu. Taa za vyoo na za njia zisitegemee inveta kuu. Wekeni zile taa ndogo zenye paneli na betri yake yenyewe. Inveta ikifa Ijumaa jioni, ibada itaendelea kwa sauti ya watu, pampu itasubiri kwa sababu tangi liko mlimani limejaa, na hakuna atakayeanguka akielekea chooni. Kambi inaweza kufika Jumapili hivyo. Hiyo ndiyo njia ya pili niliyosema mwanzoni.

Jiko: moto wa mafiga matatu chini ya paa kwa sufuria za watu 60 unamaliza kuni na macho ya wapishi. Jengeni jiko banifu la sufuria kubwa lenye dohani ya kutoa moshi nje, na kibanda cha kukaushia kuni. Kuni mbichi zinapoteza sehemu ya moto wake kuchemsha maji yake zenyewe. Sitakaa hapa, wapishi wanalijua kuliko mimi. Waiteni wakati wa kuchora, wawaambie kimo cha meza.

Sasa watu. Hapa ndipo miradi hufa au kuishi.

Nehemia sura ya 3 ina orodha ndefu ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu. Ukiisoma kama msimamizi wa ujenzi utacheka: kuna mfua dhahabu, kuna mtengeneza marhamu, kuna makuhani. Fundi mwashi haonekani sana. Ukuta ulikamilika siku 52. Tazama alivyogawa kazi: kila kundi kipande chake kinachojulikana, wengi wakielekea nyumba zao wenyewe. Na hakusita kuandika kwamba wakuu wa Watekoa, yaani watu wa mji wa Tekoa, hawakutaka kuweka shingo zao kazini. Kila kambi ina Watekoa wake.

Kazi ninazigawa kwa hatari. Za kurudiarudia zisizoua mtu ni za wote: kuchimba mitaro, kuchekecha udongo, kufyatua matofali, kumwagilia, kupaka rangi, kubeba. Za msaidizi wa fundi ni za walioonyesha mkono: kupanga matofali, kufunga mabomba, kukata mbao. Za tatu hazijitolewi: kenchi na paa, umeme, mnara, uchimbaji wa shimo refu. Labda fundi mwenyewe awe ndiye anayejitolea, na awe na cheti. Fundi mmoja kwa watu watano au sita. Wakizidi hapo, anakuwa mwangalizi wa vurugu.

Matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, ndiyo zawadi kubwa kwa mradi wa namna hii. Mashine maarufu ya aina hiyo, CINVA-Ram, ilibuniwa Colombia miaka ya 1950 kwa nyumba za watu wa kipato cha chini. Haina umeme, haina injini, ni mkono wa chuma tu. Saruji asilimia 5 hadi 8, kutegemea udongo wenu. Wanafunzi wa darasa la kipaimara na maprofesa wanafanya kazi ileile na kwa ubora uleule ndani ya saa moja. Sharti moja: matofali yakae kivulini, yakifunikwa na kumwagiliwa angalau wiki. Hapo watu wa haraka huharibu. Wanataka kuona ukuta kabla hawajapanda basi la kurudi.

Kwa sababu hiyo, kundi linalokuja lisijenge kwa matofali yake. Lijenge kwa matofali ya kundi lililotangulia, na lifyatue ya kundi lijalo. Mwambie kila mtu hivyo tangu barua ya mwaliko. Wengi hulipenda wazo hilo, na wasiolipenda hubaki nyumbani, nayo ni faida.

Mtumishi wa Pembeni

Hilo la matofali naliiba, mtumishi. Swali: saa za kazi? Sisi kundi letu lilifanya kazi toka alfajiri hadi magharibi, ibada ya jioni wote wamesinzia.

Mleta uzi

Kazi ngumu iishe saa nane mchana. Jioni ni ibada, mapumziko, mazungumzo. Siku moja katika wiki hakuna kazi kabisa, hata ya kusogeza mchanga. Mnajenga mahali pa mapumziko, wajenzi nao wapumzike.

Siku ya kwanza asubuhi hakuna koleo linaloguswa kabla ya maelezo ya usalama. Saruji mbichi inaunguza ngozi, na mtu hasikii maumivu hadi jioni. Glavu, viatu vizito, miwani ya kazi. Kinga ya pepopunda iwe imepatikana nyumbani. Walio chini ya miaka 18 hawapandi jukwaa la ujenzi wala hawagusi misumeno ya mashine, na wakati wote wawe na watu wazima wawili, si mmoja. Hilo la wawili halina mjadala, na linamhusu mchungaji pia.

Na msisahau Kumbukumbu la Torati 22:8, mjenzi wa nyumba mpya anaagizwa kuzungushia ukuta wa kando kwenye dari asije mtu akaanguka. Kila jukwaa na kila veranda iliyoinuka iwe na ukingo.

Muuguzi Mstaafu

Mbali na sanduku la huduma ya kwanza, nataka machela, gari lenye mafuta lisilotumwa kununua misumari, na dereva anayejulikana kwa zamu. Mahali pa mtandao wa simu pawekwe alama, maana huwa ni jiwe fulani mlimani. Viwianishi vya eneo, yaani zile namba za nyuzi za latitudo na longitudo, viandikwe kwa herufi kubwa jikoni na ukumbini. Anayepiga simu akiwa na hofu hawezi kueleza "baada ya mti mkubwa kata kushoto."

Mama Mweka Hazina

Nimesubiri mtu aseme fedha, mmekwepa wote.

Kujitolea si bure, wanangu. Kundi linakula, linalala, linahitaji bima, usafiri na vifaa vya kujikinga, na fundi wa kulisimamia analipwa. Wekeni hayo kwenye bajeti kabla ya tofali la kwanza. Sahihi mbili kwa kila malipo. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya kisima isinunue bati, hata kwa wiki moja tu "tutarudisha". Na kuanzia mwaka wa kwanza kila mgeni alipe kiasi kinachoenda mfuko wa ukarabati. Betri zitakufa, hilo mnalijua leo. Msije mkaitisha maombi ya dharura kwa jambo mlilolijua.

La mwisho, misaada ya vitu. Mtaletewa masofa yaliyochoka, kompyuta zisizowaka, milango isiyo na fremu. Kutoka 36 inasimulia Musa akitangaza watu waache kuleta kwa sababu vilikuwa vimezidi. Tengenezeni orodha ya mnachohitaji, na mpeni mtu mmoja mwenye uso mkavu kazi ya kusema hapana.

Mleta uzi

Mama, shikamoo. Uso mkavu ndiyo cheo kinachokosekana kwenye kamati nyingi.

Msomaji wa Historia

Swali langu kwa mleta uzi. Huyu mtunzaji unayemtaja tangu mwanzo, alipwe au naye ajitolee? Na mnamkabidhije?

Mleta uzi

Alipwe. Mshahara, likizo, na mtu wa kumshikia zamu anapoondoka. Nyumba yake iwe nzuri kuliko bweni, maana wageni wanalala siku nne, yeye analala mwaka mzima. Awepo tangu uchimbaji wa kwanza, ashike kila bomba kabla halijafukiwa.

Kukabidhi nafanya hivi. Mafundi wote wanakaa kwenye benchi na mdomo umefungwa. Mtunzaji anazima kambi nzima: maji, umeme, gesi kama ipo. Kisha anaiwasha tena peke yake, anabadilisha fyuzi moja tuliyoiharibu makusudi, anafungua koki moja na kubadilisha mpira wake, anapima klorini. Popote anapokwama, kosa ni la ujenzi. Tunaandika, tunarekebisha, tunarudia wiki nyingine. Malipo ya mwisho ya mafundi hayatoki kabla ya hapo.

Kijana wa Kwaya

Mkuu nimeelewa, nimefuta mchoro wangu. Lakini sisi hatuna mtu huyo bado. Tuna shamba lenye hati, vijana arobaini na hamu. Tufanyeje mwaka huu?

Mleta uzi

Msichimbe msingi. Fanyeni mafungo kwa mahema humohumo shambani msimu huu na ujao. Nunueni tangi moja, vyoo vya muda, turubai kubwa, na taa za kubeba. Tazameni maji ya mvua yanapita wapi, upepo unatoka upande gani, watu wanapenda kukaa wapi jioni. Mwangalieni pia yule anayebaki nyuma kufunga kamba na kuosha masufuria bila kuombwa. Ongeeni naye, na mkewe au mumewe pia, kabla ya kamati. Akikubali, rudi hapa tuchore upya.